Kichupa cha Dawa ya Macho

Wewe uliye mjini ndiye unayeombwa dawa na jamaa walio Ifakara, Mang'ula au Mlimba. Fikiri kwanza kabla ya kumkabidhi kondakta kile kichupa cha macho kilichobaki kabatini.

Wakati wa mavuno ya mpunga, jani kavu huweza kumchoma mvunaji jichoni na kuacha ukungu humo. Kichupa kikiwa cha deksamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi: wekundu hupungua upesi, mgonjwa hushukuru, na huku kinga ya jicho imelegezwa. Ukungu hustawi, hata kioo cha jicho kikatoboka.

Mtoto anayewashwa macho kwa mzio hudhurika kwa njia nyingine. Akitiwa matone hayo miezi mfululizo bila kupimwa, presha ya jicho yaweza kupanda pasipo maumivu na kuua mshipa wa kuonea. Mtoto wa jicho, ambaye pia huletwa na dawa hizo, hupasuliwa. Mshipa uliokufa haurudi.

Hata mabingwa hawakuikwepa hatari hii. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha kipandikizi cha fluosinoloni, kinachotoa dawa ndani ya jicho kwa miezi 30 hivi. Huzuia uvimbe wa ndani, lakini karibu kila jicho lenye lenzi yake ya asili hupata mtoto wa jicho, na wengi hupanda presha. Wao, walau, hupimwa.

Basi mtumie jamaa yako nauli ya kwenda hospitali. Kama ameshaanza matone, aende na kichupa chake mkononi.