Mchanga wa Dagaa Unakula Nyundo za Mashine

Mwenye mashine ya kusaga chakula cha kuku Katubuka, mjini Kigoma, akienda kununua nyundo mpya, swali lake la kwanza huwa bei. Kwa Kigoma, swali la kwanza lingekuwa mchanga.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika bado wanaanikwa kwa wingi juu ya mchanga wa mwaloni. Walio safi huenda kwa walaji. Waliovunjika na kushika mchanga ndio huishia kwenye chakula cha mifugo. Mchanga huo kwa sehemu kubwa ni kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Ndani ya mashine, nyundo hupiga dagaa, mahindi, mashudu na mchanga kwa pamoja, tena kwa kasi kubwa.

Nyundo iliyochoka inajulikana kwa macho. Pembe yake inayotangulia huwa imeviringika, na chekeche lina matundu yaliyotanuka au kuchanika. Nafaka haipasuki, inapondwapondwa tu. Chakula kinatoka cha moto, mota inalemewa, uniti za LUKU zinakwisha kabla magunia hayajafika idadi ya kawaida. Hapo ndipo nyundo ya bei rahisi inapomgharimu mwenye mashine. Hesabu ya haki ni kugawa bei ya seti, pamoja na umeme na siku za kusimama, kwa magunia yaliyosagwa.

Mafundi wengi hukata nyundo kutoka springi kuukuu za magari. Chuma hicho ni kizuri, na fundi anayekitumia hastahili kudharauliwa. Tatizo ni moto: kikikatwa kwa gesi, au kikichomelewa, ugumu hupotea pale palipoungua, na bila kupashwa upya, kuzamishwa kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kiasi, nyundo italika haraka. Ugumu ukizidi nao ni hatari, kwa sababu nyundo ikikutana na bolti iliyojificha kwenye gunia huvunjika na kurarua chekeche. Inayofaa ni ngumu kwenye ncha, yenye ustahimilivu kuzunguka tundu la pini. Zipo zilizowekewa tangsteni kabidi kwenye ncha. Ni ghali, lakini kwa anayesaga dagaa kila siku zinastahili kupigiwa hesabu.

Katika hili SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye kituo cha kuendeleza teknolojia Kigoma, lina nafasi ya kusaidia: kuwapa mafundi huduma ya kukomaza chuma na kupima ugumu wake, ili nyundo iuzwe ikiwa na maelezo. Sasa hivi mnunuzi anapewa rangi na bei tu. Na mradi wa FISH4ACP uliotekelezwa na FAO, uliohimiza dagaa waanikwe kwenye vichanja, unawahusu wasagaji pia, ingawa hawatajwi sana.

Wakati huohuo, seti nzima ibadilishwe kwa pamoja. Nyundo nyingi zina matundu mawili, hivyo pembe zote nne hutumika kwa kugeuzwa. Kabla ya kufungwa, kila moja ipimwe kwenye mizani ya gramu na zinazotazamana zilingane uzito. Zisipolingana, shafti hutikisika na beringi hufa, na beringi nyingine huenda ikaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.