Fulana zetu za chama zishonwe hapa hapa Kilwa

Vijana wenzangu, leo tuanze na sisi wenyewe kabla hatujamnyooshea mtu kidole. Kila kampeni zikianza tunagombania fulana. Zinashuka kwenye basi kutoka Dar, nyepesi kama karatasi. Ukifua mara tatu rangi imekwenda, shingo imelegea. Matokeo yakitangazwa tu, fulana imeshakuwa tambara la kudekia. Halafu sisi hao hao tunapanda jukwaani kudai ajira kwa vijana wa Kusini! Fundi cherehani wa Kivinje anayekaa barazani akisubiri mteja, tumempa kazi gani?

Nguo ni siasa, na huku kwetu jambo hili si geni. Waliochimba magofu ya Kilwa Kisiwani walikuta vifaa vya kusokotea uzi, vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu. Yaani babu zetu hawakuwa wanunuzi tu. Karne ya 19 misafara iliyotoka Kivinje kwenda bara ilibeba merikani kutoka Marekani na kaniki kutoka India, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Akaja Mjerumani, yeye akataka pamba. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waking'oa miche ya pamba kwenye shamba la kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Hawakuwa na ugomvi na pamba. Walikataa kuchapwa viboko ili jasho lao lipakiwe melini.

Sasa jiulize, leo tuko wapi? Pamba inalimwa kwa wingi Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi. Nguo zinaturudia kwenye belo la mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, Marekani ikatishia kuzitoa nchi hizo kwenye AGOA, na serikali yetu ikarudi nyuma pamoja na Kenya na Uganda. Rwanda iligoma, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Kiukweli, hata bila vitisho marufuku ile ingemuumiza mama anayepanga nguo chini pale Nangurukuru. Huwezi kumnyang'anya mtu mtumba wakati hujamshonea nguo nyingine. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na nchi ikawa na viwanda vingine vya nguo vya umma. Vingi vilidorora mikononi mwa chama kile kile kinachotuahidi viwanda kila uchaguzi.

Kwa hiyo asichekwe mtu kwa kuvaa mtumba. Shati la pamba la mtumba, fundi akilipunguza, linaweza kudumu kuliko jipya la polista. Na mama zetu wanajua kutunza nguo siku zote: kanga inaanza kuwa ya kutokea, inakuwa ya kushindia, inakuwa mbeleko, mwisho ndiyo inakuwa tambara. Lakini mtumba peke yake hauwezi kuwa mpango wa ajira.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, chama chetu kiagize fulana chache, nzito, zishonwe na vikundi vya wilayani, na zisiandikwe tarehe wala sura ya mgombea, ili zivalike hata uchaguzi ukiisha.

Pili, halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini mkopo wa cherehani bila soko ni deni tu. Soko lipo! Tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, ila sare mzazi bado ananunua. Madiwani wasimamie shule zielekeze wazazi kwa vikundi hivyo.

Tatu, mimi na wewe. Zipu ikiharibika, nguo iende kwa fundi, isitupwe.

Najua mtasema fulana ya hapa itakuwa ghali, na kitambaa chenyewe kitatoka mbali. Ni kweli. Kitambaa hatuna kwa sasa, lakini ujira wa kukata na kushona utabaki Kilwa, utanunua samaki Masoko na kulipa kodi ya chumba. Kama hela haitoshi fulana 500, tushone 150.

Makatibu wa matawi, kazi yenu mwezi huu ni moja: orodhesheni mafundi wote wa kata yenu, nani ana cherehani na nani anaweza kushona kiasi gani kwa wiki. Kampeni zijazo zikifika, tusisikie tena kwamba mafundi hawakupatikana.