Injini Kubwa Haisimamishi Tela

Mtu akiingia kwenye yadi ya magari ya mitumba, iwe Dar es Salaam au Mombasa, akasema anatafuta gari la familia litakalovuta tela, jibu hulipata kabla hajaeleza tela lenyewe lina uzito gani. Chukua V8. Dalali anasema hivyo, shemeji anasema hivyo, na fundi naye anaitikia. Imeshajengeka imani kwamba shangingi la silinda nane halina mzigo wa kulishinda, na kwamba anayehofia tela dawa yake ni kuongeza ukubwa wa injini. Imani hiyo inawatia watu hasara ya mamilioni. Mbaya zaidi, inawapandisha watoto kwenye gari ambalo baba yao hajui kama litasimama.

Ukubwa wa injini wenyewe unadanganya. 1HZ, ile dizeli ya Toyota ya lita 4.2 isiyo na turbo inayosifiwa kila gereji kwa uvumilivu wake, hutoa nyutoni-mita 285 za nguvu ya kuzungusha. Dizeli ya lita 3.0 yenye turbo, inayopatikana kwenye Prado 150, hutoa 410. Ndogo inaizidi kubwa kwa zaidi ya theluthi, na barabara ikianza kupanda pengo linazidi kutanuka. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa sababu hewa ya juu ni hafifu. Anayevuta mashua kutoka Mombasa kwenda Ziwa Naivasha huanzia usawa wa bahari na kupita Limuru, juu ya mita 2,000. Huko, lita alizolipia yadini nyingine hazimfanyii kazi.

Hata jina V8 halimwambii mnunuzi anachokinunua. Land Cruiser 200, ambayo ndiyo V8 ya yadini, iliyotoka mwaka 2007 hadi 2021, haikuwahi kuuzwa Japani ikiwa na injini ya dizeli. Za soko la kule zote ni petroli, kwanza lita 4.7, baadaye 4.6. Hiyo ya 4.6 hutoa nyutoni-mita 460, na haifiki hapo mpaka injini izunguke mara 3,400 kwa dakika. Dizeli ya lita 4.5 yenye turbo mbili, iliyouzwa Australia na Uingereza, hutoa 650 ikiwa bado kwenye 1,600. Yadini yamesimama bega kwa bega, bodi moja na nembo moja. Mlimani, tela likiwa nyuma, ni magari mawili tofauti kabisa.

Haya, tuseme mnunuzi ameipata hiyo dizeli. Bado hajagusa swali lenye uzito kuliko yote, nalo ni la kilo.

Chukua Land Cruiser 200 ya daraja la juu iliyouzwa Australia. Ikiwa tupu, tangi limejaa mafuta, ina kilo 2,740. Uzito wa mwisho inaoruhusiwa kubeba, yenyewe na vyote vilivyomo, ni kilo 3,350. Kwa hiyo mzigo wake halali ni kilo 610. Kiwanda kinatangaza kwamba inavuta 3,500, na ni kweli. Lakini tela lililopangwa vizuri huukandamiza mpira wa kufungia kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kilo hizo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Tela la 3,500 linakalia nyuma kilo 350. Zinabaki 260. Apande baba wa kilo 85, mama wa kilo 70 na watoto watatu wa kilo 35 kila mmoja: 260 zimekwisha. Hakuna hata kilo moja ya begi, ya jokofu la safari, ya bampa la chuma wala ya hema la juu ya paa. Hesabu hii haihitaji mhandisi, inahitaji kalamu tu, na bado watu wanatoa fedha ya nyumba kununua gari bila kuifanya.

Kuna sharti jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ile 3,500 ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kikomo chake ni kilo 750, silinda ziwe nane au nne. Sasa lichunguze tela la kuchomelea kama yanavyotengenezwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam: chaneli za chuma, ekseli iliyong'olewa kwenye pikapu iliyokufa, matairi mawili, taa za nyuma zilizofungwa kwa waya. Mara nyingi ngoma za breki bado zimo kwenye ekseli hiyo, ila hazijaunganishwa na chochote. Juu yake hupakiwa tani moja na nusu ya matofali, au mashua na injini zake mbili, na mwenye mali hana wasiwasi kwa sababu mbele kuna V8.

Wasiwasi wake ungepaswa kuanza kwenye mteremko. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza huongezeka kwa asilimia 56. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro huishuka Kitonga, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kona juu ya kona, na malori mbele yake yanatambaa kwa gia nzito. Hapo kazi ya injini ni kusaidia kushikilia tu. Kinachookoa maisha ni diski, pedi, na mafuta ya breki ambayo yakichemka huifanya pedali izame mpaka sakafuni. Ni wanunuzi wangapi wanaouliza mafuta hayo yalibadilishwa lini?

Wamarekani, wanaovuta matela ya kila aina, nao walikaa miaka mingi wakisoma namba ambazo kila kiwanda kilijipimia chenyewe. Kipimo cha pamoja, J2807, kilichapishwa mwaka 2008, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata kwa magari ya mwaka 2011. Uwezo uliotangazwa wa pikapu yake ya Tundra ukashuka, ilhali gari lilikuwa lile lile. Kipimo hicho hulipandisha gari kwenye mlima wa Davis Dam huko Arizona, kilomita zipatazo 18, joto kali, kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho. Hata hivyo humo ndani huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Familia ya watu watano na mizigo yao haimo kwenye namba hiyo.

Kwa gari lililotumika, namba za kiwanda ni mwanzo tu. Lililotoka Japani huja na cheti cha kufutiwa usajili chenye uzito wa gari na uzito wa jumla kwa kilo, na huo wa jumla hupatikana kwa kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Tela kwa kawaida halitajwi. Fundi na ashuke chini ya chesisi akiwa na tochi na bisibisi, agonge maungio ya nyuma, hasa kama gari liliishi mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Anyonye mafuta kidogo ya giaboksi ya oto: yakiwa meusi na yananuka kuungua, hakuna bei ya punguzo itakayofidia. Kwenye dizeli ya 3.0, aulize kuhusu vizibo vya shaba vya nozeli, maana vikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampo. Na gari lililokuwa likiteremsha mashua baharini, afungue ngoma na beringi za nyuma kabla ya kutazama kitu kingine.

Kwa familia nyingi zenye mashua au tela la tani moja na nusu, Prado ya dizeli yenye turbo inatosha. Huko Australia, Prado 150 ya lita 3.0 iliruhusiwa kuvuta kilo 2,500. Tofauti ya bei kati yake na V8 inalipia breki za tela, waya zake, pedi mpya, shokomzoba mpya na kipoza mafuta cha giaboksi, na chenji inabaki. Mwenye tani tatu za kweli atafute Land Cruiser 100 ya dizeli ya 4.2, ile yenye turbo na silinda sita. Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingizwi, itabidi aipate kwa aliyekwisha kuimiliki humo nchini.

Na yadi zianze kuandika kilo. Tangazo linalojaza nafasi kwa viti vya ngozi, rimu na kamera ya nyuma lina nafasi ya namba tatu: uzito wa gari tupu, uzito wa mwisho unaoruhusiwa, na uzito wa tela lenye breki. Muuzaji asiyezijua azitafute kabla ya kupokea malipo ya awali, na mnunuzi asilipe mpaka azione zimeandikwa.