Mikumi tumeiona, sasa twendeni Kimboza

Kwetu Chamazi mjusi hana rafiki. Akionekana tu ukutani, ufagio unatafutwa. Bibi alitufundisha kwamba huyo ni mjusi kafiri, ndiye aliyeupuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahimu, na anayemuua anapata thawabu. Utotoni mimi nilikusanya thawabu nyingi sana.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha Morogoro Vijijini. Jumamosi moja, baada ya kuomba ruhusa kwa watu wa misitu, mwalimu mwenzangu na mzee mmoja wa kijijini walinipeleka kwenye msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, kwenye barabara ya kwenda Matombo na Kisaki. Mzee akasimama mbele ya mkadi, mti wenye majani marefu ya miiba kama ya nanasi. "Tazama hapo, mwalimu." Sikuona kitu. Mara kikasogea: mjusi mdogo kuliko kidole changu cha kati, buluu kuliko jezi za Azam.

Kusema ukweli, mkono ulishaanza kwenda kwenye ndala. Mzee akacheka. "Huyo hapigwi. Huyo walikuwa wanamfuata kutoka Ulaya."

Hakuwa anatania. Dume ndiye mwenye buluu ile, jike ana rangi ya kijani iliyofifia, na duniani kote wanaishi Kimboza na vipande vichache vya msitu vya jirani tu. Kimboza yenyewe ina ukubwa wa kama kilomita 4 za mraba. Wapenda mijusi wa Ulaya na kwingineko waliwataka wa kufuga ndani ya visanduku vya vioo. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 32,000. Ili kuwafikia, mikadi ilikatwa, na mkadi ndiyo nyumba yao. Mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES jijini Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi wanaokamatwa porini.

Nikamuuliza mzee, waliokuwa wanakamata walipata nini? "Hela ya soda," akajibu. Hela yenyewe ilikwenda kwa wauzaji wa ng'ambo.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane, wanachuo wenzangu. Sheria ipo, lakini sheria peke yake haimpi kijana wa kijiji kile sababu ya kumwacha mjusi kwenye mti. Mgeni anayelipa kuja kumwona anampa sababu. Mjusi akiuzwa, ameuzwa mara moja. Akibaki mtini, kijana anaweza kuwaongoza wageni Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, na mama wa jirani akauza chakula.

Najua mtasema, nani atoe nauli kwenda kuangalia mjusi? Kwani si watu walitoa hela nyingi ng'ambo ili wamwone sebuleni kwao? Tatizo ni kwamba utalii wetu tumeufupisha ukawa simba, tembo na picha juu ya gari. Hata safari zetu za chuo ni Mikumi, kila mwaka Mikumi. Siichukii Mikumi, lakini Mikumi haiwezi kufa kwa kukosa sisi. Kimboza inaweza kusahaulika.

Kuna hoja moja naikubali. Wageni wakijaa ovyo, na wezi nao wataijua njia. Kwa hiyo tusiende kama tunakwenda ufukweni. Twende makundi madogo, na kibali, na mwongozaji wa pale pale kijijini anayelipwa mkononi. Hakuna kushika mjusi, hakuna kukata jani, na hakuna kuposti mahali mti ulipo ili upate likes. Na sehemu ya ada ionekane kijijini. Bila hilo, mwanakijiji atakuwa analinda mali ya wengine.

Sisi wa ualimu tuna deni zaidi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, anayekaa karibu kabisa na msitu ule, aliweza kunitajia wanyama watano wa Serengeti. Huyu wa buluu hakumjua. Atamlindaje?

Ombi langu kwa viongozi wa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo: safari ijayo, bumu likitoka, orodha ya Mikumi ibandikwe, na pembeni yake iwepo ya Kimboza, hata kama ni ya watu kumi. Jina la kwanza liandikwe langu.

Na nyumbani Chamazi, likizo iliyopita, nilimnyang'anya mdogo wangu ufagio. Bibi bado hajanielewa.