MASHAURI KWA WAZAZI: Hadithi za Kale na Watoto wa Darasa la Awali

Mwezi huu twapenda kunena habari ya hadithi, zile tulizozisikia kwa bibi zetu kabla hatujajua hata herufi moja. Wako wazazi hapa Magole waonao kwamba mwalimu asimuliaye visa vya Sungura anawapotezea watoto saa za masomo. Husema, "Mtoto nimempeleka akajifunze kusoma, hadithi zipo nyumbani." Neno hili lastahili kujibiwa kwa upole.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na lugha ya darasa hilo ni Kiswahili. Sasa mfikirini mtoto wa miaka mitano aliyelelewa kwa Kikaguru au Kimaasai. Aingia darasani, haelewi yote aambiwayo, naye hukaa kimya. Akifundishwa "a, e, i, o, u" ataimba pamoja na wenziwe, wala hajui aimbalo. Bali Sungura na Fisi awajua tangu kwao. Akisikia visa vyao kwa Kiswahili, maneno mageni humjia yameshikana na mambo ayajuayo, naye huyapokea. Hata Edward Steere, aliyekuwa askofu wa Unguja baadaye, alipotaka kuijua lugha hii vema alikusanya hadithi kwa vinywa vya wenyeji, zikapigwa chapa London mwaka 1870. Ikiwa mtu mzima mwenye elimu alijifunza hivyo, sembuse mtoto?

Tutwae kisa kimoja kijulikanacho sana. Palikuwa na kiangazi kikali, wanyama wakapatana kuchimba kisima. Wote walichimba, ila Sungura alikataa. Maji yalipotoka, alikuja kwa hila, akawadanganya walinzi mmoja mmoja, akanywa. Mwisho Kobe alijipaka ulimbo mgongoni, akajificha majini. Sungura alipomkanyaga, akanaswa.

Mwalimu aliye hodari huanza, "Paukwa!" na watoto huitika, "Pakawa!" Hivyo hata aliye mwoga kupita wote hupata neno moja la kusema. Kila mnyama ajapo kuchimba, mtoto mmoja huweka kokoto chini. Basi wamehesabu hata kumi pasipo kuchoka. Afikapo pale mlinzi anapodanganywa, mwalimu hunyamaza, kisha huuliza, "Mwaonaje, itakuwaje?" Watoto hutafuta yatakayofuata, na hiyo ndiyo kazi ya kila msomaji. Baadaye husema nani alitangulia na nani alifuata. Mwisho hulipigia makofi neno ki-si-ma, na kuliandika mchangani. Kusoma, kuandika na kuhesabu, vyote vimo.

Tena iko faida nyingine. Wilaya yetu ya Kilosa yaujua uchungu wa ugomvi wa maji na malisho. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wakiketi mkeka mmoja, mwalimu na awaulize, "Je, asiyechimba kisima anyimwe maji?" Mmoja atasema anyimwe, mwingine atasema anywe kwanza, kisha afanye kazi. Hatusemi kwamba hadithi itamaliza mashauri ya ardhi. Hiyo ni kazi ya wazee na serikali. Lakini mtoto aliyezoea kungoja mwenziwe amalize kusema, amepata jambo walilolikosa watu wazima wengi.

Labda mtu atatuuliza, "Sungura ni mwongo na mwizi, mwawafundisha watoto hila?" La, ila hila yake isipite bila kuulizwa. Visa hivi si mchezo mtupu. Mwaka 1961 mtaalamu T. O. Beidelman aliandika jinsi kisa cha Fisi na Sungura kwa Wakaguru kinavyobeba mambo ya ukoo wa upande wa mama. Wazee walificha mashauri mazito ndani ya manyoya ya wanyama wadogo, ili mtoto acheke leo na aelewe kesho.

Basi, wazazi, shauri letu ni hili. Jioni msimulieni mtoto hadithi kwa lugha ya nyumbani, ili kesho yake akaisimulie shuleni kwa Kiswahili, hata akikosea maneno. Mwalimu akimwalika bibi aje darasani, msimzuie. Na mtoto arudipo, msitazame daftari peke yake, mkihesabu kurasa zilizojaa. Mwambieni, "Haya, tusimulie na sisi," kisha mnyamaze mpaka amalize.