Je, Magonjwa Yetu Huletwa na Pepo?

Taa zikizimwa bwenini, jambo hili hujadiliwa kuliko hata mpira. Muhula uliopita kengele ilitukatiza kabla ya zamu yangu kufika, kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niyaseme yale niliyotaka kuyasema.

Sisemi kwamba pepo hawapo, wala malaika. Mimi ni Mkristo, na Maandiko yanawataja wote. Ninalouliza ni hili: mtoto akishikwa na degedege huku kwetu mpakani, baina ya Busia na Tororo, aitwe nani kwanza?

Wako watu wa pwani wanaosema kwamba degedege ni jini aliyejigeuza ndege wa usiku. Akimpitia mtoto, mtoto hukakamaa na macho yakageuka. Huku kwetu majina ni mengine, lakini shauri ni lile lile: mtoto ametupiwa kitu. Nimewasikia kwa masikio yangu wazee wenye heshima wakimkataza mama asiende hospitali, maana ati sindano itamwua mtoto. Basi mtoto hufukizwa moshi, au huombewa usiku kucha, au huvushwa mpaka apelekwe kwa mganga, kwa kuwa mganga wa ng'ambo siku zote husadikiwa kuwa na nguvu kuliko wa nyumbani. (Na wale wa ng'ambo huja kwetu.) Saa zinapita, na ugonjwa wenyewe haungoji.

Madaktari wameeleza sababu. Homa yoyote kali yaweza kumtetemesha mtoto mdogo, lakini malaria ni mbaya zaidi: chembe za damu zenye vijidudu hukwama katika mishipa myembamba ya ubongo, mtoto akapoteza fahamu. Wengine hupona wakabaki na kifafa. Mwaka 2001 na 2002 wataalamu waliwachunguza mbu wa Tororo, wakakadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vijidudu mara 562 kwa mwaka. Mara 562! Mwishoni mwa 2014 nyumba za Tororo zikaanza kupulizwa dawa, na katika miaka iliyofuata malaria ikashuka sana. Kisha, baada ya aina ya dawa kubadilishwa mwaka 2020, ikapanda tena. Sasa nawauliza wenzangu wa upande wa pili: ni pepo gani huyo akimbiaye dawa ya ukutani, tena achaguaye ni dawa ipi ya kuogopa?

Jibu lao nalijua. Watanifunulia Mathayo 17, habari za kijana mwenye kifafa ambaye Bwana Yesu alimtoa pepo. Ni jibu zito, wala silipuuzi. Lakini wasome na Marko 9, waone Bwana alimwuliza baba yake nini. Alimwuliza mtoto ameanza kupatwa na hayo tangu lini, swali ambalo kila mganga wa hospitali huliuliza. Hakuuliza ni jirani gani aliyemtupia.

Hapo ndipo ninapogombana na desturi yetu. Pepo mwenyewe halaumiwi. Hulaumiwa mke mwenza, au bibi kizee akaaye peke yake, au mama wa mtoto. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi huacha kusalimiana.

Wala malaika hawakosi kutumiwa hivyo. Mwaka 1986 Alice Auma wa Acholi alisema kwamba anaongozwa na roho aitwaye Lakwena, maana yake mjumbe, na neno malaika asili yake ni hiyo hiyo. Askari wake walipakwa mafuta, wakaambiwa kwamba wakizishika amri zake risasi hazitawapenya. Mwaka 1987 walipita Tororo wakielekea Jinja, nao wakaanguka wengi. Na kila aliyeanguka, ilisemwa kwamba alivunja amri. Mjumbe hakukosea hata mara moja! Alice alikimbilia Kenya, akafa mwaka 2007 katika kambi ya wakimbizi huko Dadaab. Mama aliyefiwa na mtoto kwa degedege husikia hukumu ya namna hiyo hiyo matangani: hukufunga, hukuamini, ulichelewa kumlipa mganga.

Ninyi mliotutangulia katika shule hii, ambao sasa ni walimu na makarani vijijini, neno lenu husikilizwa kuliko letu. Mkigongewa mlango usiku kwa ajili ya mtoto anayetetemeka, iteni bodaboda kwanza, ambayo jina lake husemwa lilizaliwa hapa hapa mpakani kwetu. Mwenye kutaka kuomba na aombe, nami nitaitikia amina, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda zahanati.