AFYA YA WATOTO WETU: Pumu Huanza Polepole

Mtoto akishikwa na pumu usiku, watu wengi husema kwamba amepigwa na baridi, na wengine husema amerogwa. Baridi yaweza kumzidishia taabu, lakini mara nyingi chanzo cha ugonjwa huo ni cha zamani kuliko usiku ule, nacho kimo katika damu ya mtoto mwenyewe.

Mwili wa binadamu una walinzi wake, ambao kazi yao ni kutambua vijidudu vya maradhi na kutengeneza silaha za kuvipinga. Silaha hizo huitwa kingamwili. Kwa watoto wengine, hasa wale ambao wazazi wao wana pumu, walinzi hao hukosea: huona vumbi la nyumbani au chavua ya majani kuwa ni adui. Ndipo hutengeneza kingamwili za aina ya E, ambazo wataalamu walioko Marekani na Sweden walizigundua katika miaka ya 1966 na 1967. Kingamwili hizo hujibandika juu ya chembe maalumu katika ngozi, pua na mapafu, zikangoja. Siku hiyo mtoto haoni kitu. Lakini vumbi lile lirudipo, chembe hizo humwaga histamini na kemikali nyingine. Mirija ya pumzi huvimba na kujikaza, makohozi hujaa, na kifua hulia kama mluzi.

Jambo la kuogofya ni kwamba kosa hili huweza kuenea. Katika vumbi la nyumba huishi utitiri mdogo usioonekana kwa macho, nao hupenda magodoro na mito. Nchini Ujerumani, watoto waliozaliwa mwaka 1990 katika miji mitano walichunguzwa mpaka wakafikia miaka 20. Ilionekana kwamba mzio wa utitiri mara nyingi huanza kwa protini moja au chache za mdudu huyo, kisha huongezeka mwaka hata mwaka. Waliopata mzio huo mapema, tena kwa protini nyingi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya pumu. Hali kadhalika, wako watoto wanaoanza na ukurutu wa ngozi wangali wachanga, baadaye wakapata pumu na mafua ya vumbi, ingawa si wote wafuatao njia hiyo.

Basi, tufanyeje? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto mwenye ukurutu ambaye pia hukohoa usiku apelekwe kwa daktari mapema. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila juma, na moshi wa kuni na wa tumbaku uwe mbali naye. Tena, jueni kwamba dawa za kuvuta ni za namna mbili: moja hufungua mirija wakati wa shida, na nyingine hutuliza uvimbe, nayo hutumiwa kama daktari alivyoagiza hata mtoto akionekana mzima. Wazazi wengi huiacha hii ya pili mara kifua kinyamazapo, kumbe uvimbe ungalimo ndani.

Na mtoto akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka rangi, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa ile ile.